Mteja aingie ndani ya nyumba kabla hujakata chuma: mwongozo kamili wa kutumia miwani ya VR kwa nyumba za kontena na moduli

Kama una karakana inayotengeneza nyumba za kontena, ofisi za saiti, vibanda vya biashara au vyumba vya paneli, unajua shida kubwa haipo kwenye kuchomelea, ipo kwenye mteja kuelewa anachonunua. Unamwonyesha ramani anaitikia, unamwonyesha picha ya rangi rangi anafurahi, anatoa advansi, afu siku nyumba inashushwa kwenye winchi anaingia ndani anasema "mbona kadogo hivi?" Na hapo chuma kimeshakatwa, dirisha limeshakaa, bomba limeshapita. Nyumba ya tofali unaweza kusogeza ukuta katikati ya ujenzi, ya moduli huwezi, kila kitu kinaamuliwa karakanani kabla haijapanda lori.

Ndo maana VR, yani miwani inayomfanya mtu aione nyumba ya kwenye kompyuta kana kwamba amesimama ndani yake, inafaa sana kwenye hii kazi. Ila niseme mapema, ukiinunua ili kumshangaza mteja utakuwa umetupa hela. Kazi yake ni moja tu, kuufanya mwili wa mteja upime nyumba: bega lake lipite mlangoni, mkono wake ufikie kabati, macho yake yaone dari ilivyo chini. Na wala sio jambo jipya, mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Matsushita kule Tokyo ilishakuwa na jiko la VR ambapo mteja anatembea ndani ya jiko lake kabla halijatengenezwa. Enzi hizo mashine ilikuwa ghali mno, lakini miwani ya Meta Quest 3S ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299 kule Marekani.

Nitatumia mfano wa nyumba za kontena kwasababu vipimo vyake vinajulikana dunia nzima, lakini hatua ni zilezile hata kama unatumia fremu za chuma chepesi au paneli za sandwichi.

Hatua ya 1: Andaa maktaba ya moduli, usiguse miwani kwanza

Hapa ndo watu wengi wanaruka. Anafungua programu, anachora nyumba nzuri, anamvisha mteja, mteja anaomba dirisha lisogezwe hivi, ukuta utolewe vile, mwisho wanapata kitu ambacho karakana haiwezi kukijenga kwa ile bei. Kwahiyo anza na orodha ya vitu unavyoweza kutengeneza kweli, kila kimoja kipe namba yake na bei yake: ukuta wenye dirisha, ukuta wenye mlango, ukuta mtupu, bafu la aina A, bafu la aina B, jiko la ukuta mmoja, baraza, ngazi, stendi ya tenki.

Vipimo vichukue vya ndani, sio vya nje. Kontena la futi 20 kwa nje lina urefu wa mita 6.058 na upana wa mita 2.438, ila ndani unapata kama mita 5.90 kwa 2.35, na kimo cha ndani ni mita 2.39 kwa kontena la kawaida au karibu mita 2.70 kwa lile refu wanaloliita haikyubu. Sasa toa na kinga ya joto, maana kwa Dar, Tanga, Mombasa au Muscat bati tupu halikaliki mchana. Ukiweka paneli ya milimita 50 kila upande na jipsam ya milimita 12 juu yake, upana unashuka mpaka kama mita 2.23. Huo ndo upana mteja atakaoishi nao na ndo unaotakiwa uwe kwenye modeli (ile nyumba unayoichora kwenye kompyuta), ukimwonyesha ile 2.35 utakuwa umemdanganya hata kama hukukusudia.

Maktaba pia iwe na makatazo. Ukuta wa kontena yale mabonde yake yanabeba mzigo, ukikata upande mzima lazima uweke boriti na nguzo za chuma, kwahiyo ukiunganisha makontena mawili kupata sebule pana ile nguzo ya katikati iwepo kwenye modeli, usiifiche ili picha ipendeze. Tenki la lita 1000 likijaa ni tani nzima ya maji peke yake, wakati paa la kontena kwa viwango vya kimataifa linajaribiwa kwa kilo 300 tu zikiwa zimekaa sehemu moja, so tenki likae kwenye stendi yake au kwenye fremu inayoshusha uzito kwenye nguzo za kona. Vitu kama hivi vifungie kabisa mteja asiweze hata kuvichagua. Injinia wako ndo aseme kipi kinaruhusiwa, sio mchora modeli.

Hatua ya 2: Kaa na mteja kwa maneno ya kawaida

Hii fupi. Muulize nani watalala, nani anapika na anapikia nini (gesi, mkaa, umeme), kuna mzee mwenye magoti mabovu au mtoto mdogo, vitu gani anavyo tayari na hataviacha. Kipimo cha kitanda ndo muhimu kuliko anavyodhani. Kitanda cha 5 kwa 6 ni kama mita 1.52 kwa 1.83. Ukikielekeza kichwa kwenye ukuta mfupi wa kontena, kwenye ule upana wa 2.23 unabaki na sentimita 70 kwa jumla, yani ama 70 upande mmoja na mwenzio anaparamia kutokea miguuni, ama 35 kila upande. Cha 6 kwa 6 kinabakiza sentimita 40 tu. Andika hivyo vitu, vitaingia kwenye modeli kama vilivyo. Na aje na picha za kiwanja, ajue barabara ipo upande gani na jua linazama wapi.

Hatua ya 3: Chora kwa kipimo halisi

Kwa programu za kuchorea, SketchUp inatosha kwa wengi, Blender ni ya bure na ina nguvu sana ukiizoea, wenye Revit watumie Revit. Chora kwa milimita. Ukimaliza toa faili la GLB maana lenyewe linahesabu kwa mita moja kwa moja, haya mafaili mengine kama FBX mara nyingi yanachanganya sentimita na mita, unavaa miwani unakuta umesimama chini ya meza yenye urefu wa ghorofa.

Jaribio la kipimo ni rahisi na usiliruke hata siku moja: weka ndani ya modeli boksi la mita 1 kwa 1 kwa 1 na mlango wenye kipimo sawa na mlango wowote uliopo hapo karakanani. Vaa miwani, simama kwenye mlango wa kweli gusa fremu yake ya juu, afu gusa wa kwenye modeli. Mkono ukiishia sehemu ileile upo sawa. Kama sio, rekebisha kwanza usawa wa sakafu kwenye miwani, mara nyingi tatizo lipo pale.

Jua nalo liweke la kweli. SketchUp ukiipa mahali inapiga kivuli sahihi kwa tarehe na saa. Kwa Dar es Salaam jua la mchana mwezi wa sita linalala upande wa kaskazini kama nyuzi 30 toka utosini, mwezi wa kumi na mbili linahamia kusini kama nyuzi 17, kwahiyo baraza la upande mmoja halikulindi mwaka mzima. Ila adui mkubwa ni magharibi, lile jua la saa kumi jioni linaingia chini chini mpaka kitandani na ukuta wa chuma unabaki na moto mpaka usiku. Andaa picha tatu za mwanga: saa nne asubuhi, saa kumi jioni, na usiku taa zikiwa zimewashwa.

Hatua ya 4: Punguza uzito wa modeli

Miwani inayojitegemea, isiyounganishwa na kompyuta, ndani yake ni kama simu tu, haiwezi kubeba kila kitu. Ushauri wangu nyumba nzima na vitu vyake isizidi pembetatu (vile vipande vidogo vinavyounda umbo la modeli) laki 3 kwa Quest 2, na kwa Quest 3 unaweza kwenda laki 5 hivi bila wasiwasi. Kinachojaza huwa sio nyumba, ni kochi moja ulilopakua mtandaoni lenye mishono na vifungo, lenyewe peke yake lina pembetatu kuliko nyumba nzima. Tumia makochi ya maumbo mepesi, picha zinazovalishwa juu ya kuta kuonyesha rangi na vigae ziwe za pikseli 1024 au 2048, na mwanga uuchape moja kwa moja kwenye picha za kuta badala ya miwani kuuhesabu kila sekunde. Hii sio urembo: picha ikianza kukwama kwama mteja anapata kizunguzungu na kichefuchefu, na akishakipata harudi kwenye miwani hata umbembeleze vipi. Hakikisha inakimbia fremu (picha) 72 kwa sekunde au zaidi muda wote, hata akigeuka haraka.

Hatua ya 5: Chagua kifaa

Quest 3 na 3S zote zinafaa, tofauti utakayoiona ni ukali wa picha (3 ina lenzi nzuri zaidi) na jinsi ya kurekebisha umbali wa macho, 3 ina kigurudumu na 3S ina nafasi tatu tu. Quest 2 iliyotumika pia inafanya kazi kama bajeti haijakaa sawa. Huku kwetu nyingi zinaletwa na watu toka Dubai au Marekani, kwahiyo ulizia garantii kabla ya kulipa, na ijaribu pale pale: lenzi ziwe hazina doa la kuungua, kontrola zote mbili zifanye kazi. Kuianzisha mara ya kwanza unahitaji intaneti, akaunti ya Meta na apu yake kwenye simu, baada ya hapo mafaili yaweke ndani ya miwani yenyewe usitegemee waifai siku ya mteja. Chaji inakaa kama saa mbili, nunua pawabenki na waya mrefu, umeme ukikatika kazi inaendelea.

Kama huna hela ya miwani anza na picha za nyuzi 360. Blender inazitoa, weka kamera usawa wa macho mita 1.6 hivi, picha iwe na upana mara mbili ya kimo, mfano pikseli 4096 kwa 2048. Mteja anaiangalia kwenye simu yake ndani ya kile kiboksi cha karatasi chenye lenzi. Hawezi kutembea na kipimo hakihisiki sana, ila ni bora mara nyingi kuliko picha ya kawaida.

Hatua ya 6: Andaa sakafu

Huu ndo ujanja ninaoupenda kuliko yote. Kontena la futi 20 ni dogo, kwahiyo safisha eneo la mita 7 kwa 4 hapo karakanani, chora kwa chaki ule mstatili wa ndani wa mita 5.9 kwa 2.23 (zile kuta fupi nazo zikiwekewa kinga toa sentimita 12 kwenye urefu), afu linganisha modeli na mistari. Sasa mteja hatumii kitufe kuruka toka chumba hadi chumba, anatembea kwa miguu yake mwenyewe kutoka mlangoni mpaka kitandani. Weka kiti cha kweli pale kilipo kiti cha kwenye modeli, na meza ya kimo cha sentimita 90 pale ilipo kaunta ya jiko, akinyoosha mkono anagusa kitu. Hapo hata mzee ambaye hajawahi kushika kompyuta anaelewa bila maelezo.

Iwe ndani, kwenye kivuli. Jua likiingia kwenye lenzi hata dakika chache linaunguza kioo cha ndani na hakitengenezeki, hivyo miwani usiiache dirishani wala kwenye dashibodi ya gari. Ondoa waya, mitungi na mabaki ya chuma sakafuni. Mtu mmoja wa ofisini kazi yake iwe kutembea nyuma ya mteja, asichezee simu.

Hatua ya 7: Siku ya mteja

Miwani ifute kabla hajafika: sponji ya usoni kwa kitambaa chenye dawa, lenzi kwa kitambaa kikavu laini tu, spiriti inaharibu lenzi. Mwenye miwani ya macho mwekee kile kipande cha kuongeza nafasi. Mama mwenye mtandio au kilemba mwache ajifungie mikanda mwenyewe mbele ya kioo, usimshikeshike kichwa, na kama yupo binti ofisini yeye ndo amsaidie. Uliza kistaarabu kama ana kifafa au ni mtu wa kuugua safarini, na watoto chini ya miaka 10 wasivae, Meta wenyewe wamekataza.

Usimwingize ndani moja kwa moja. Mwanzishe nje, amesimama kwenye kiwanja anaiona nyumba, mwache dakika moja azoee. Afu mwambie, "Karibu ndani mama, pita." Na baada ya hapo nyamaza. Najua unatamani kueleza paneli zako na vigae vyako, ila ukiongea anaacha kuhisi anaanza kukusikiliza wewe. Mpe kazi tu, moja moja:

"Ingia na ndoo ya maji mpaka bafuni." "Fungua friji utoe mboga." "Mtoto analia usiku, toka kitandani umfuate." "Umepata mgeni, mkaribishe akae." "Nyoosha mkono juu."

Hilo la mwisho ni la pangaboi. Kwenye kontena la kawaida ukishaweka dari na vigae kimo kinabaki kama mita 2.3, feni ikining'inia sentimita 30 ipo kwenye mita 2, baba mrefu akinyoosha mikono kuvaa shati anazigusa panga. Kwa maneno utabishana naye nusu saa kwamba achukue kontena refu au feni ya ukutani. Kwenye miwani anainamisha kichwa mwenyewe na mjadala umeisha.

Wewe unaangalia anachokiona kwenye skrini, na mwili wake kwa macho. Akigeuka upande upande kupita sehemu, hapo pamebana hata kama hajasema. Akirudi nyuma mlango wa friji ukifunguka, andika. Akiweka makabati pande zote mbili za jiko, sentimita 60 kwa 60, katikati inabaki mita 1 tu, watu wawili wakipishana atajua. Kisha mbadilishie mwanga mpaka saa kumi jioni, halafu usiku.

Dakika 10 mpaka 15 zinatosha, mvue, mpe maji, ongea naye akiwa amekaa, ndo arudie. Na kama ni mume na mke wavae wote, kila mtu peke yake, bila mwenzie kumwelekeza. Vimo vyao havifanani, anayepika sio lazima awe ndo anayelipa, na mara nyingi yule aliyekaa kimya kwenye mazungumzo ya bei ndo anayeona mambo ya maana ndani ya nyumba. Hasa mabibi na mababu, waheshimu, wape kiti, wao ndo watakaoikaa ile nyumba mchana kutwa.

Hatua ya 8: Mabadiliko na bei hapohapo

Usimruhusu achore upya kila kitu. Andaa matoleo matatu ya kila eneo, jiko A, B na C, na madirisha yasogee kwa hatua za sentimita 60 kufuata fremu zako. Kila toleo lina namba, namba ina bei kwenye jedwali, mtu wako akibadilisha B kuwa C jumla inabadilika kwenye laptopu. Mteja akisema anataka mlango wa kioo wa mita 3 anaona hapohapo umeongeza kiasi gani pamoja na boriti yake. Hii inaondoa manung'uniko yote ya baadaye kwamba "mbona hamkuniambia".

Rangi usiamulie kwenye miwani. Kioo cha miwani na bati lililopigwa jua ni vitu viwili tofauti kabisa. Kuwa na vipande vya kweli vya kigae, paneli, rangi na alumini mezani, achague kwa mkono juani.

Hatua ya 9: Weka kwenye karatasi

Piga picha za kila pembe toka ndani ya miwani, zipe namba, chapisha pamoja na ramani yenye vipimo na ile orodha ya moduli na bei. Mteja asaini kila ukurasa, wewe usaini, ndo advansi ipokelewe, ndo chuma kikatwe. Badiliko lolote baada ya hapo lina fomu yake na bei yake.

Na mteja aelewe kwamba modeli ya VR sio kibali. Halmashauri inataka michoro ya msanifu na injinia waliosajiliwa, kwa Tanzania ni AQRB (bodi ya wasanifu) na ERB (bodi ya wahandisi) na mkandarasi awe wa CRB (bodi ya makandarasi), kwa Kenya kuna BORAQS ya wasanifu, EBK ya wahandisi na NCA, mamlaka ya ujenzi. Msingi, maji taka, umeme, vyote vinapita huko.

Hatua ya 10: Mteja aliyeko nje

Wengi wanaoagiza hizi nyumba wako Muscat, London, Minneapolis, wanawajengea wazazi nyumbani. Wenye Quest zao ni rahisi, weka modeli kwenye ukurasa wa WebXR (ukurasa wa mtandao unaofunguka ndani ya miwani), tumia A-Frame, zana ya kuutengeneza ambayo watu wa Mozilla waliianzisha 2015 na ni ya bure, mtumie linki afungue kwenye brauza ya miwani yake. Au ingieni pamoja kwenye Arkio, programu ya watu kukutana ndani ya modeli, mkatembee wote humo humo mkiongea. Asiye na miwani mtumie zile picha za 360, WhatsApp itume kama dokumenti sio kama picha, ukituma kama picha inabanwa inatoka na ukungu.

Ila yeye akishakubali kule aliko, mwite na mzazi atakayeikaa aje karakanani avae. Mtoto anaweza akachagua ngazi nzuri za chuma kwenda juu, na mama yake hapandi ngazi. Mwunganishe huyo mtoto kwa video aone mama yake akitembea ndani ya ule mstatili wa chaki, wakubaliane wenyewe.

Faili la mwisho lililosainiwa lihifadhi sehemu mbili, na kabla hujafunga jipsam piga picha kuta zikiwa wazi uonyeshe bomba na waya zinapita wapi, uziweke kwenye modeli ileile. Miaka mitatu mbele mteja akitaka kutundika kabati anakupigia, unafungua faili unamwambia atoboe wapi.